Meno Mezani kwa Katibu

Muhtasari wa mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi umebandikwa juzi kwenye mlango wa ghala, umesainiwa, umegongwa muhuri, na mimi nimo. Nimo sehemu ya mengineyo: "Mjumbe mmoja alidondosha meno. Mkutano ulisimama kwa muda." Hoja niliyoinukia, ya makato kwenye malipo yetu ya korosho, haimo. Nimeisoma karatasi ile kutoka juu hadi chini, nikaiinua nichungulie na upande wa pili. Mahudhurio yamo. Dua ya kufungua imo, ya kufunga imo. Shukrani kwa mama aliyepika pilau zimo. Meno yangu yamo. Makato hayamo.

Kwa kuwa habari imeshafika stendi ya Nachingwea, na Ruangwa nasikia inasimuliwa kwamba yalimpiga Mwenyekiti kwenye paji la uso, naona nami niseme langu. Hayakumpiga Mwenyekiti. Yalitua juu ya daftari la Katibu, tena wima.

Siku hiyo ghala lilikuwa tupu, msimu haujaanza, na joto la Septemba lilikuwa limejibana chini ya mabati pamoja nasi. Tulianza saa nne kwa ahadi ya kuanza saa mbili. Ikasomwa taarifa ya magunia. Ikasomwa taarifa ya salfa: iliyofika, iliyochelewa, na ile ambayo hadi leo hakuna ajuaye ilipulizwa kwenye mikorosho ya nani. Ikasomwa taarifa ya mizani. Mimi nimekaa na daftari la mjukuu mapajani, hesabu zangu nimeziandika kwa kalamu mbili, ya bluu kwa nilichostahili na nyekundu kwa nilichopata, nangoja mengineyo.

Asiye mkulima wa korosho aelezwe kidogo. Unapeleka kilo zako kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinasafirishwa hadi ghala kuu, wewe unabaki na stakabadhi. Unaitishwa mnada. Wanunuzi wanaleta bei zao, tunasomewa ya juu na ya chini, nasi tunanyoosha mikono kukubali, au tunakataa na korosho zinalala. Siku ya kunyoosha mikono kila mtu ni tajiri. Halafu pesa inaingia benki, na iliyoingia si ile iliyonyooshewa mikono. Njiani imepita halmashauri, imepita chama kikuu, imepita chama cha msingi, imepita ghalani, imepanda lori, na kote huko imeacha kitu kidogo. Makato mengine ni halali na yana karatasi zake. Mimi niliinukia lile la usafirishaji, ambalo kwa kalamu yangu nyekundu lilikuwa limekatwa mara mbili kwa lori moja.

Mwenyekiti akaniita mbele nisikike. Lazima niseme kwamba tangu nivae meno mapya nilikuwa napewa heshima nisiyoizoea. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakiniita babu walihamia mheshimiwa. Mtu mmoja sokoni aliniuliza kama mwakani nitachukua fomu. Kwa hiyo nilipofungua kinywa kusema "Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe", ghala zima lilitulia. Nikasema makato hayasomeki. Watu wakaguna. Nikasema lori moja halilipwi mara mbili kwa safari moja. Makofi. Nikainua daftari la mjukuu, nikawaonyesha wekundu. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa adabu na sijapata kumsikia akipaza sauti, akanikatiza taratibu: "Mzee wangu, hilo lilishajibiwa kikao kilichopita."

Halikujibiwa. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa kwa upana wa haki yangu yote, nikafyatua: "Haaaaapana!"

Neno lilifika. Meno nayo yakafika. Niliyaona yakitoka, na hicho ni kitu ambacho mwanadamu hakuumbwa akione. Yalijigeuza hewani mara moja, yakagonga meza, ko, yakaruka kidogo, yakatua juu ya daftari la Katibu kwenye mstari ule ule aliokuwa akiuandika, safu nzima ya juu inang'aa, inamtazama usoni. Katibu ni kijana mwenye diploma yake. Aliruka nyuma, kiti kikaanguka, kalamu ikabaki imeshikwa hewani. Kimya kikapita. Bibi mmoja akasema, "Laa ilaha illallah." Halafu mtoto aliyekuwa ananing'inia dirishani, ambaye si mjumbe wala hana hisa, akapiga kelele: "Oneni! Babu ana fizi za Mzungu!"

Watu wazima wenye wajukuu walilala juu ya viti vya plastiki kwa kicheko. Mwenyekiti alingoja, akajifuta macho, akauliza kwa sauti ya kikatiba, "Mzee wangu, unaendelea na hoja?"

Niliendelea. Hapo ndipo nataka paeleweke: niliendelea. Lakini f na v hutamkwa kwa mdomo wa chini kugusa meno ya juu, na meno ya juu yalikuwa kwa Katibu. Jaribu wewe kusema "fedha za usafirishaji wa vijiji vyetu" bila hayo. Uliotoka ni upepo. Mama wa safu ya kwanza alijifunika kanga uso wote, mabega yanatikisika. Nikaanza kutafuta maneno yasiyo na f wala v. Nikasema hela, nikasema lori, nikasema kubeba, na nakuapia hoja ilikuwa imenyooka kabisa, ila hapakuwa na msikilizaji. Suala la nani ayaokote nalo lilichukua muda wake. Hatimaye Katibu aliyasukuma, yeye na daftari lake, kwa ncha ya rula hadi ukingoni mwa meza. Nikayafunga kwenye leso, nikatoka kwenda kwenye pipa la maji. Niliporudi yakiwa mahali pake, tulikuwa tumefika kwenye dua ya kufunga.

Sasa, yaliangukaje? Swali hili nimeulizwa na watu wengi kuliko walioniuliza kuhusu lori, na kusema kweli jibu lake limenikosesha usingizi kwa utamu.

Wengi wanadhani meno ya bandia ya juu yamebandikwa kwa gundi, au yamefungwa kwa skrubu mahali fulani. Gundi za kuyaongezea nguvu zipo, lakini mimi sikuwekewa skrubu, na mtu asiyebakiwa na hata jino moja la juu hana pa kufungia waya. Kinachoyashikilia ni mate. Bamba la plastiki hufunika kaakaa lote, limefinyangwa lifuate kila kijiinuko na kila kibonde cha kinywa chako na si cha mtu mwingine, na kati yake na nyama hubaki utando wa mate mwembamba mno. Chukua vipande viwili vya kioo vilivyolowa, viweke kimoja juu ya kingine, halafu uvute: kutelezesha ni rahisi, kuvibandua ni kazi. Ndivyo lilivyo bamba. Kingo zake huzama kwenye nyama laini ya mashavu na midomo ili hewa isipate upenyo, na hewa ya nje, yote hii iliyotuzunguka kutoka hapa hadi mawinguni, inalisukuma lisishuke. Yaani nilikuwa nimesimama mbele ya wajumbe huku angahewa lenyewe likinishikia meno. Nani asingejiamini?

Mahali pa hatari ni nyuma, pale kaakaa gumu linapoishia na laini linapoanza, maana laini linacheza. Ndiyo sababu daktari hukuambia useme "Aaa". Anamulika kwa taa, anatafuta mstari ambapo nyama inaanza kutikisika, anauchora kwa kalamu maalumu, na fundi anakuja kujenga hapo kijituta chembamba cha kuziba hewa. Hicho kikikaa, bamba limekaa. Kikipishana na nyama hata kidogo, hewa inaingia na kila kitu kinashuka. Rudi sasa kwenye "Haaaaapana". Ile "Aaa" ya daktari ni ya adabu, ya mtu aliyelala chali. Yangu ilikuwa ya misimu kadhaa ya makato.

Ongeza kwamba mtu akikasirika mbele ya kadamnasi mate humkauka, na mate ndiyo kila kitu. Ongeza pia kwamba chini nimebakiwa na meno ya mbele, sita, imara, ya kuzaliwa nayo. Hao ndio wachochezi. Kila ninapouma, yanasukuma bamba la juu kwa mbele. Mbele linapanda, nyuma linashuka, hewa inapenya. Mwaka 1972 daktari wa meno wa Marekani, Ellsworth Kelly, aliandika makala kuonyesha jinsi mgongano huo, wa meno asilia ya chini mbele na bamba kamili juu, unavyoitafuna hata taya yenyewe polepole. Alitumia picha za eksirei. Mimi nimelithibitisha ghalani bila kifaa chochote.

Meno haya yalitengenezwa Dar es Salaam, maana huku hatutengenezewi meno. Nilifikia kwa mpwa wangu Mbagala, nikaenda kliniki fulani ya ghorofani. Hatua ya kwanza ni kuchukua umbo la kinywa. Unachanganywa unga na maji mpaka uwe uji mzito wenye harufu ya mnanaa, unajazwa kwenye chombo cha chuma, unasukumiwa kinywani, na unaambiwa utulie. Unga huo unatokana na mwani. Nilipodokezwa hivyo, huku nimejaziwa, nilitaka kuuliza kama ni ule wa Paje na Jambiani wanaolima kina mama wa Unguja. Niliuliza baadaye. Sio. Wa Unguja ni jamii ya mwani mwekundu na hutoa kitu kingine. Huu ni wa mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Wakati huo tumbo langu lilikuwa limeanza kupanda ngazi. Daktari, binti mpole, akaniambia, "Baba, pumua kwa pua, inua mguu wa kulia." Nikainua. "Uweke hapo hapo, usiushushe." Nikaelezwa baadaye kwamba ni mbinu ya kitabibu: akili ikishughulikia mguu inasahau koo. Imenishangaza kwamba sayansi yote imefika mwezini na bado inategemea mzee kuinua mguu.

Ndani ya umbo lile humiminwa jasi. Jasi ninaifahamu, inachimbwa Kilwa, mkoa huu huu wa Lindi, inapakiwa malori kwenda viwanda vya saruji. Ilipokauka nikaletewa kinywa changu mkononi, cheupe, na kaakaa langu lenye mikunjo ambalo nimeishi nalo umri wote bila kuliona. Nililitazama sana. Juu yake fundi akajenga ukuta wa nta, akaurudisha kinywani: uma, meza mate, uma tena. Kisha meno yenyewe, yaliyonunuliwa tayari, yakapangwa kwenye nta moja moja, nikavaa kwa majaribio na kuamriwa nihesabu kuanzia sitini. Sitini na sita, sitini na saba. Ukisikika mluzi, jino linasogezwa. Ukisikika mate, linasogezwa tena. Mimi niliendelea hadi themanini kwa kufurahia tu.

Rangi huchaguliwa kwenye kishikizo chenye vijino vya mfano, kuanzia A1 hadi D4. Fundi alizaliwa Arumeru, kwenye maji yenye fluoraidi nyingi, na meno yake mwenyewe ni ya kahawia tangu utoto. Magumu, kamili, yote yapo. Akanishauri kwa umri wangu nichukue A3. Mpwa wangu akavipiga picha na kumtumia mke wangu, Mama Zuhura, kwa simu. Jibu likarudi neno moja: "Meupe." Ikawa A1.

Baada ya hapo nta yote inayeyushwa kwa maji ya moto ndani ya kasha la chuma lililojazwa jasi, linabaki pango lenye umbo la fizi, na pango hilo linashindiliwa donge la akriliki. Ni unga na kimiminika chenye harufu kali, plastiki ya jamii ile ile iliyotengenezewa vioo vya ndege za Vita Kuu ya Pili, na kwenye meno imetumika tangu mwaka 1937. Kasha linakazwa na kuchemshwa kwa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 70 na kitu, mwishoni ndipo linapandishwa hadi 100. Hairuhusiwi haraka. Ukikoleza moto mapema, kile kimiminika kinachemkia ndani na fizi inatoka na vitundu. Nilikaa kwenye benchi la fundi kutazama sufuria, nikisahau kabisa kwamba ndani mlikuwa mimi.

Fizi sasa. Nilimfunulia fundi mdomo nikamwonyesha zangu: kahawia iliyokolea, na mabaka meusi huku na huku. Akafungua kabati. Waridi. Kopo la waridi iliyoiva, na kopo la waridi iliyopauka yenye nyuzinyuzi nyekundu ndani yake za kuigiza mishipa ya damu. Za kahawia, akasema, zinatengenezwa na viwanda, ila kwa muuzaji wake haziji. Basi mtu wa Nachingwea, aliyezaliwa na weusi waliozaliwa na weusi, ninatembea na fizi za padre wa Bavaria aliyeshuka misheni ya Ndanda. Yule mtoto wa dirishani hakutukana. Alisoma kilichoandikwa.

Na hapa naomba nitoke kidogo kwenye kucheka. Meno yangu ya asili hayakunidondoka usingizini. Yaling'olewa, moja moja, kwa miaka, na watu wema, kwenye chumba chenye kiti kimoja. Dawa ya jino ni kung'oa, ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo chumba kile kilivyolelewa. Sindano ya ganzi, koleo, pamba, ng'ata pamba nusu saa, usisukutue leo, anayefuata aingie. Bei yake kila mtu anaimudu. Hakuna aliyeniambia hata mara moja kwamba jino lenye tundu laweza kuzibwa likabaki. Na lilipokwisha la mwisho la juu, nikauliza sasa inakuwaje, nikaambiwa kurudisha ni huko Dar es Salaam, na kadi yangu ya bima, nilipoitoa, ikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya urembo. Urembo! Kutoa ni tiba, kurudisha ni urembo. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Vijana waliozaliwa mwaka huo wana wajukuu sasa, na mimi bado napanda basi usiku kucha, navuka Daraja la Mkapa, kwenda kuinua mguu.

Huku kwetu lakini tumezoea vya kung'olewa. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, wakajenga na reli kutoka Mtwara hadi hapa Nachingwea. Karanga zikakataa, na miaka ya mwanzo ya 1960 reli ikang'olewa. Miaka ya 1970 vikajengwa viwanda vya kubangua korosho kusini, kimoja hapa hapa. Vingi viliishia kuwa maghala, na korosho zetu nyingi bado zinapanda meli na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mtu akiniambia mfupa wa taya ukikosa jino la kuushughulisha unayeyuka, tena sehemu kubwa mwaka ule wa kwanza, huwa sihitaji maelezo marefu.

Tena cha kuudhi, mali ghafi ilikuwa yetu. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliapishwa mwaka 1789 akiwa amebakiwa na jino moja. Inasemwa alivaa meno ya mbao, si kweli. Yalikuwa ya madini ya risasi, ya meno ya watu, na ya pembe, ikiwemo ya kiboko, maana jino la kiboko ndilo lililopendwa na mafundi wa enzi hizo kwa ugumu wake. Na meno ya kiboko yalikuwa bidhaa ya soko la Unguja karne ya 19, pamoja na pembe za ndovu na karafuu. Sisemi kiboko wa Rufiji au wa Ruvuma alipata kula kiapo cha urais. Nasema wa kwetu walikuwa barabara hiyo hiyo.

Ukafuata mpira. Mpira ukichemshwa na salfa nyingi unakuwa mgumu, na tangu miaka ya 1850 ukawa ndio bamba la meno ya watu wa kawaida. Mwishoni mwa karne hiyo mpira wa mwituni ulikuwa ukishushwa pwani kutoka bara ya Lindi na Kilwa, umebebwa vichwani na babu zetu, ambao wao wenyewe walikuwa wakizeeka vibogoyo. Hata huko kwenye mpira makato yalikuwepo. Kampuni iliyomiliki hati ya mabamba hayo Marekani ilidai ada kwa kila daktari wa meno, na mhazini wake, Josiah Bacon, alizunguka nchi nzima akiwashtaki wasiolipa. Aprili 1879, hotelini San Francisco, daktari mmoja aliyeshtakiwa naye, Samuel Chalfant, alimpiga Bacon risasi akafa. Nalisimulia hili kama historia tu. Mwenyekiti asilisome vibaya.

Wajapani, wao walichonga ya mbao, kaakaa na meno pamoja. Bamba la zamani kabisa linalojulikana huko lilikuwa la mtawa wa kike wa Kibudha aliyefariki mwaka 1538. Hili ndilo linaloniuma. Tuna mpingo, tuna Wamakonde ambao wazee wao walichonga hata meno waliyozaliwa nayo yakawa makali, wanachonga vinyago vyenye tabasamu kamili mpaka leo, na kwa karne zote hizo hakuna aliyemgeukia kibogoyo aliyekaa pembeni yake. Mpingo ungekuwa angalau wa rangi yangu.

Matunzo hayana makuu. Usiku yatoke yalale kwenye maji, kinywa kipumue, la sivyo fangasi wanafanya makazi chini ya bamba. Maji yawe ya kawaida: ya moto yanalipinda, nikamuwahi Mama Zuhura birika likiwa mkononi. Sabuni na mswaki laini. Mkaa na chumvi tulivyofundishwa na bibi vinayakwaruza. Yaoshee juu ya beseni lenye maji, yakiponyoka yasikutane na sakafu. Na usitarajie makuu: nguvu ya kutafuna ni kama robo tu ya ile ya zamani. Tembo, kwa taarifa yako, anapewa seti sita za magego maishani, moja ikisagika nyingine inasogea kutoka nyuma. Sisi mbili. Na ni yeye anayetoka porini huko Liwale kuja kumaliza mahindi.

Mengine ni madogo. Mjukuu alikunywa yale maji. Kutafuna ming'oko nimestaafu. Chafya ya ndani ya basi pale Nangurukuru, abiria wa kiti cha mbele alikuwa muungwana sana. Timu ya Namungo ilipofunga bao pale Uwanja wa Majaliwa, nilishangilia kwa mikono tu.

Jana jioni akaja Baba Issa, jirani yangu, mwenye pengo la meno manne ya mbele. Akakaa, akanywa chai, akauliza hali ya mikorosho, akasifu salfa, akafika. Jumamosi anamwoza binti yake na kutakuwa na picha. Anaomba nimwazime meno kwa siku hiyo moja. Nikavuta kiti karibu, nikamweleza yote bila haraka: mwani wa kahawia, jasi, mstari wa "Aaa", kijituta, utando wa mate, jinsi bamba linavyofuata mikunjo ya kaakaa la mtu mmoja tu duniani, na kwamba yeye mwenyewe bado ana magego, kwa hiyo bamba langu halina hata pa kukaa. Alisikiliza kwa makini sana, anatikisa kichwa kila nilipoweka kituo.

"Nimekuelewa kabisa, Baba Zuhura," akasema. "Kwa hiyo nije kuyachukua Ijumaa jioni, au Jumamosi asubuhi ukishakunywa chai?"